Karibu Kwetu, Mama Miavuli

Jumapili, 2 Machi

Tumefika, na mvua imefika pamoja nasi. Wanafunzi tisa, masanduku yasiyo na idadi, na mimi mwalimu wao, niliyesema mbele ya kitivo kizima kwamba safari hii ni upuuzi, kisha nikakubali kuiongoza. Wiki saba za kujifunza "Utamaduni na Utandawazi" katika nchi ya watu. Wiki saba! Mimi nimeolewa miaka ishirini na sita na bado sijaujua utamaduni wa wifi yangu, tunayelala naye chini ya bati moja.

Tumegawanywa kwenye nyumba za wenyeji. Nimepangiwa kwa mjane mmoja, fundi wa miavuli, pamoja na mwanafunzi wangu ambaye wenzake humwita Spika kwa sababu hanyamazi. Chini ni duka: benchi, koleo ndogo, mkebe wa misumari midogo ya rivet, na miavuli inayoning'inia darini kama popo. Juu ni vyumba vitatu na jiko. Mwenyeji wetu amepita miaka sabini, mwembamba, amenyooka kama mpini. Alinishika mkono akasema, "Maji ya moto yapo asubuhi. Jioni hayapo." Basi. Hakuna karibu, hakuna pole na safari. Nikamwandika kichwani: ubaridi wa maisha ya kisasa, mfano wa kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeaibika. Jana Mama Miavuli (ndivyo tulivyokwisha kumwita) aliniambia, "Kesho saa kumi uje dukani unywe chai nami." Nikaitikia, "Haya mama, tutaona," kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoitikia, nikaenda zangu maktaba. Nimerudi saa kumi na mbili. Mezani vikombe viwili, mkate umekatwa, na yeye ameketi wima, mikono mapajani.

"Mama, hukunywa?"

"Nilisema saa kumi."

"Nilidhani ulikuwa unanikaribisha tu."

"Ndiyo. Nilikukaribisha."

Tukatazamana kama watu wa kingo mbili za mto. Chai ilikuwa imepoa. Nimeinywa yote, iwe adhabu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Semina ya kwanza yenye uhai. Mratibu wa programu ni kijana nadhifu mwenye kitambulisho shingoni, anayetamka neno "uzoefu" kama muuza mafuta ya nywele. Leo amewaambia wanafunzi wangu kwamba utandawazi ni daraja.

"Daraja hilo," nikauliza, "ushuru analipa nani?"

"Mwalimu, hilo ni suala pana."

"Siyo pana. Lina upana wa duka la chini ninapolala. Mwavuli mpya unaoshuka kwenye kontena ni rahisi kuliko kutengeneza ubavu mmoja wa mwavuli wa zamani. Wateja waliobaki wanaleta miavuli ya marehemu: ya baba, ya mume, ile ambayo mtu anaona haya kuitupa. Mama yule haishi kwa mvua siku hizi. Anaishi kwa misiba."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mratibu akaandika kitu, kisha akaniomba nitoe mhadhara wa wazi kwa watu wa mji. Sijui kama ni ushujaa au ni kisasi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Spika ana mafua na bado anaongea.

Jumamosi, 22 Machi

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Niliwaka. Kwa nini nijishushe wakati najua nilivyowaka? Niliwaambia nimeuona mji ambao jirani anajua rangi ya gari lako lakini hajui jina lako. Nikawaambia kwetu hakuna mzee anayezeekea nyuma ya mlango uliofungwa. Kwetu mzee ni wa wote, na chungu hakina mwenyewe. Kisha nikamwona Mama Miavuli safu ya mbele, amevaa blauzi yake ya kola, nikanyoosha kidole.

"Mama huyu amewakinga na mvua maisha yake yote. Nani kati yenu anajua jioni anakula na nani? Mama, kwetu ni kwako! Nyumba yangu ni nyumba yako. Njoo uzeekee kwa watu!"

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kofia. Sikuitaja ile methali yetu ya mgeni na jembe la siku ya tatu. Mhadhara mzuri huchagua methali zake.

Jumapili, 23 Machi

Wakati wa chakula Mama Miavuli aliweka kijiko chini.

"Yale uliyoyasema jana. Umeyakusudia?"

"Mama, mimi nimefukuzwa kazi mara mbili kwa kusema ninachokusudia."

"Njoo tu, Bibi!" Spika akadakia, mdomo umejaa. "Mama yangu atakulisha mpaka uombe msamaha."

"Sawa," alisema Mama Miavuli. Akainuka kuosha vyombo. Nilimsikia akiimba kwa sauti ya puani, jambo ambalo hajalifanya tangu tufike.

Jumatano, 26 Machi

Mvua mchana kutwa. Miavuli ya darini imepungua. Angalau watu wameanza kuja kuchukua mali zao.

Jumatatu, 31 Machi

Benchi limebaki na koleo moja. Nimemwuliza, akasema zile nyingine amempa fundi wa ng'ambo ya mto. Nimekasirika mpaka nikashindwa kula. Hivi ndivyo wanavyowaua mafundi: hawawapigi risasi, wanawaachia benchi tupu. Nimeandika makala ya moto na kuituma kwa mhariri wangu nyumbani. Kichwa: "Mwavuli wa Mwisho".

Alhamisi, 3 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi nilikuwa nachemsha maji. Mama Miavuli aliingia jikoni amebeba makoti mawili, moja zito la kijivu, moja jepesi la bluu.

"Kwenu mwezi wa tano mvua bado ipo?"

"Ipo, inaelekea kukatika. Kwa nini, mama?"

"Sasa nichukue lipi?"

"Uchukue uende wapi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Kwenu."

Alinishika kiwiko, akanipeleka chumbani kwake. Kitanda kimevuliwa shuka. Sanduku liko wazi, limepangwa kwa ufundi, soksi ndani ya viatu. Picha ya mumewe imefungwa kwa taulo. Miavuli haikuja kuchukuliwa na watu, ameirudisha yeye mwenyewe mlango kwa mlango, kwenye mvua, akiwaaga. Na mkataba wa nyumba, ule wa zamani sana aliousaini na mumewe walipokuwa vijana, ameurudisha. Anatoka tarehe kumi na tisa, siku tunayoondoka sisi.

"Mwenye jengo alinikumbatia," alisema. "Kumbe anajua kukumbatia."

Mdomo wangu, mdomo huu uliowahi kumjibu waziri hadharani, ulifunguka na hakikutoka kitu. Yeye bado ameyainua yale makoti.

"Lipi?"

Nikasema, "Jepesi."

Mungu wangu. Nikasema, "Jepesi."

Nimekaa chumbani tangu hapo. Najaribu kujitetea na sioni njia. Kwetu ningemwambia mama yeyote "njoo ukae kwangu", angenijibu, "Asante mwanangu, Mungu akipenda," angenibariki, na habari ingekwisha hapo, kila mmoja amemheshimu mwenzake. Ngoma ile ni ya watu wawili. Nimecheza peke yangu mbele ya mtu asiyeijua, naye ameufuata mkono wangu mpaka ukingoni mwa shimo. Na nilikwisha kuonywa! Kwa kikombe cha chai, saa kumi, siku ya nne ya kukaa hapa. Nikaona ni kichekesho.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda kwa mwenye jengo. Ofisi safi, zulia jipya. Nikamwomba amrudishie mama nyumba yake.

"Duka la simu linaingia mwezi ujao. Mafundi rangi nimeshawaita."

"Alikosea."

"Hakukosea. Alifurahi. Alisema anakwenda kuishi kwa binti yake." Aliinua macho. "Wewe ndiye binti?"

Nilijibu ndiyo? Nilijibu hapana? Nilijibu, "Tunazungumza."

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempigia mume wangu.

"Mheshimiwa, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Kuna mtu anataka kuja kukaa kwetu."

"Siku ngapi?"

"Mpaka afe."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, nikamsikia akiweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mlete."

"Atalala wapi?"

"Chumba cha nyuma, na dada."

"Dada yako atamla mzimamzima."

"Dada atapata wa kugombana naye, wewe utapumua. Mlete, mke wangu. Si wewe uliyeandika kwamba chungu hakina mwenyewe?"

"Kwani wewe unanisoma?"

"Sikusomi. Nasikia kwa kinyozi. Yule bwana ukiandika analia, ananikata vibaya."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Mwanamume huyu hajamaliza kitabu tangu tuoane. Hakuuliza kitu zaidi ya idadi ya siku. Aliyekuwa akihesabu vitanda ni mimi. Nilikuwa nimeshayaona: wifi upande huu wa jiko, Mama Miavuli upande ule na chai yake ya saa kumi kamili, na mimi sina meza ya kuandikia hadithi za undugu. Sikutaka aje. Naliandika neno lilivyo. Sikutaka.

Jumanne, 8 Aprili

Tumekwenda naye kwenye ofisi ya vibali, mimi nikijifanya shujaa. Ofisa, mwanamke mpole mwenye miwani mnyororoni, alisikiliza, akatikisa kichwa. Pasipoti anayo, ameikimbilia wiki hizi mbili. Kibali cha kuja kuishi kwetu kinaombwa kutoka kwetu, na mwenyeji wake, na kinachukua muda.

"Tarehe kumi na tisa?" aliuliza Mama Miavuli.

"Haiwezekani kabisa, bibi. Pole."

Nilifurahi.

Nimeliandika na nimelitazama na silifuti. Miaka ishirini nimepiga kelele dhidi ya mipaka. Nimeandika kwamba mpaka ni kovu la mwizi. Leo nimeuona mpaka na nikaupenda kama mtu wa juani anavyopenda kivuli. Moyo wangu ulisema: basi, siyo mimi, ni serikali.

Tulipokuwa kwenye ngazi tukingoja mvua ipungue, alisema, "Si neno. Nitasubiri."

"Utasubiri wapi, mama?"

Nikaona uso wake unalitafuta jibu, unalikosa, unarudi kulitafuta tena.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sikufundisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia.

Duka lilikuwa tupu, kulabu zimebaki darini. Nilikaa upande wa mteja.

"Mama, niliposema njoo, sikukusudia uje."

Alikuwa akifuta benchi ambalo halihitaji kufutwa. Hakuacha kufuta. "Ulikusudia nini?"

"Nilikusudia... kukuheshimu. Kwetu mtu akila, na mwingine akapita, humwambia karibu. Yule anayepita hujibu, asante, nimeshiba."

"Hata kama ana njaa?"

"Hasa kama ana njaa."

"Na mwenye chakula anajua kwamba ana njaa?"

"Anajua."

"Na wote wawili mnaona mmetendeana wema."

"Ndiyo, mama."

"Na akiketi, akala?"

"Tunampa. Kwa moyo mmoja. Tunampa hata kipande chetu."

"Halafu mnamsema."

"Halafu tunamsema."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka. Nilitaka anitukane. Ninajua la kufanya na matusi.

"Wewe si mwongo," alisema. "Mwongo anajua kwamba anadanganya. Ningekuwa nimemjua."

"Mama, nisamehe."

"Usinipe kazi nyingine. Nina kazi ya kutosha." Aliketi. Kwa mara ya kwanza nikauona mgongo wake umepinda. "Mtaa mzima nimeuaga. Wananiletea zawadi. Yule wa duka la mkate hajawahi kunisalimu, jana kaniletea skafu. Siwezi kubaki nikavaa skafu yake hapa." Akafikiri. "Mtaniondoa kwa basi lenu. Wanione ninaondoka na watu wangu. Tukishavuka daraja mnishushe popote."

Jumatatu, 14 Aprili

Mratibu. Nilikwenda kwake kwa sababu sikuwa na mwingine, nikijua atasema programu haihusiki. Alinisikiliza, akavua kile kitambulisho chake shingoni, akaanza kupiga simu. Mpaka jioni alikuwa amepata nafasi kwenye makazi ya wazee ng'ambo ya daraja: kitanda kimoja, dirisha moja, wenzake wawili chumbani. Hakutaja "uzoefu" hata mara moja. Nilimwambia asante, nikashindwa kuongeza neno, nikiogopa lisije likawa tamu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Mama Miavuli kwamba nikifika nyumbani nitakiomba kile kibali, na safari hii nasema kweli.

"Usiseme," alijibu. "Lete."

Ijumaa, 18 Aprili

Sherehe ya kufunga kozi. Niliombwa kueleza tuliyojifunza. Nikasimama, nikaketi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mtaa mzima ulitoka, na mvua ile. Sikujua kwamba mtaa huu una watu. Mwenye jengo alibeba sanduku mwenyewe. Wa duka la mkate alilia. "Umebahatika!" walimwambia. "Binti mwenye maneno yale!" Mama Miavuli alivaa koti jepesi na ile skafu, akapanda hatua za basi kama bibi harusi, akapunga mkono dirishani mpaka tulipokata kona. Kisha akaushusha. Spika, mtoto yule, alikuwa analia kimyakimya, na mimi sijawahi kumwona akifanya jambo lolote kimyakimya.

Tulivuka daraja.

Kwenye lango la makazi Spika alimfungulia mwavuli wake, wa kontena, mpya. Upepo ukaugeuza kama sahani. Mama Miavuli aliutazama.

"Takataka," alisema. Akacheka kidogo, na kicheko kile kimeniumiza kuliko lolote alilowahi kuniambia.

Wanafunzi walipanga mstari kumshika mkono. Nilimwona Spika akifungua mdomo, nikajua ni neno gani linakuja, lile "karibu kwetu" letu, tunalotembea nalo kama leso. Nikamkanyaga mguu.

"Kwaheri inatosha," alisema Mama Miavuli.

Tukasema kwaheri.

Ijumaa, 2 Mei

Nyumbani. Mvua za kwetu ni zilezile. Makala yangu ya mwavuli imesifiwa sana. Mhariri anataka nyingine. Sina.

Wifi amesikia habari yote kwa kaka yake. Nilimngojea kwa silaha zangu zote. Alikuwa akitoa nguo zake kwenye nusu ya kabati.

"Huyo mama yako anatia sukari kwenye chai?"

"Kijiko kimoja."

"Haya," akasema, akaendelea kukunja.

Ijumaa, 9 Mei

Ofisi ya vibali. "Njoo Jumatatu."

Jumatatu, 12 Mei

"Njoo kesho."

Jumanne, 13 Mei

Sikutoka mpaka mkubwa wao akanipokea. Aliuliza uhusiano wangu na mwombaji. Nikasema, "Mimi ni binti yake." Akauliza ushahidi. Nikamwambia kuna mtaa mzima ulioona. Akachukua kalamu.

Jumanne, 20 Mei

Napiga simu makazini kila Jumapili. Hajambo, wanasema. Amelala, wanasema. Yuko bafuni. Siku hizi nyumbani mtu akiniambia karibu chakula, naketi na kula. Wananiona nimerukwa na akili.

Jumanne, 27 Mei

Kibali kimetoka. Nilikimbia nacho kwenye mvua kama mtoto, nikafika nimelowa, nikapiga simu bila hata kuvua viatu. Leo walimwita.

"Mama! Kimetoka. Ninacho mkononi. Kitanda kipo, wifi ametoa nusu ya kabati. Nakuja kukuchukua Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe saba, saa kumi. Saa kumi kamili, mama."

Nilisikia mvua ya upande wake na mvua ya upande wangu.

"Mama?"

"Asante, mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa laini, yenye adabu, kama ya mtu wa kwetu kabisa. "Nimeshiba."

"Mama, usinijibu hivyo. Mama, nakuomba. Nijibu kama ulivyokuwa ukijibu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Wasalimie nyumbani." Kengele ikalia nyuma yake, ya chakula nadhani, na simu ikakatika.

Maji yalikuwa yakinitiririka mpaka sakafuni. Wifi alikuja mlangoni, shuka safi mikononi.

"Anakuja?"

"Amesema ameshiba."

Wifi alinitazama, yeye aliyelelewa katika adabu hiihii, aliyenijibu "nimeshiba" mezani kwangu miaka yote hii, na mimi nikamwamini kila mara kwa sababu ilinifaa.

"Basi ana njaa," akasema. "Kamchukue."